Mpaka Unalipa, Sayansi Inatoza



Shule zikifungwa Tunduma, mpaka huongeza wafanyakazi siku hiyo hiyo. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne, na wale wa kidato cha tano waliorejea kutoka shule za mbali, huvua sare asubuhi na mchana wako barabarani. Huyu anasukuma mkokoteni wa magunia kuelekea Nakonde. Yule anawauzia mayai na maji madereva waliokwama kwenye foleni ya malori. Mwingine ameshika bunda la kwacha na shilingi, fedha ambayo si yake, anawabadilishia wasafiri kwa niaba ya tajiri aliyekaa kivulini. Jioni kila mmoja anarudi nyumbani na kitu mfukoni. Hakuna aliyemtaka cheti, hakuna aliyemtaka ada. Mpaka unamlipa kijana siku anayofika.

Na sayansi? Nayo hutoa matangazo yake likizo hiyo hiyo. Kambi ya sayansi na teknolojia kwa wanafunzi wa sekondari, wiki mbili, mahali Dar es Salaam au Arusha: roboti, kompyuta, kuunda programu za simu. Picha ni nzuri, watoto wanacheka, kila mmoja ana mashine mbele yake. Shuka chini ya tangazo utaikuta bei. Mzazi alipe ada ya kambi. Alipe nauli ya zaidi ya kilomita 900 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Alipe malazi. Na mtoto aje na kompyuta yake! Mama anayeuza nyanya sokoni Tunduma hulisoma tangazo hilo mara moja tu, akalifungia nyanya.

Basi mpaka unalipa, na sayansi inatoza. Halafu mabwana wakubwa hukaa mezani, wakanywa chai, wakashangaa kwa nini vijana wa Songwe hawaipendi sayansi.

Gazeti lenu limechoka kuusikia wimbo huo. Kijana wa mpakani si mvivu wala si mjinga. Anaigeuza kwacha kuwa shilingi kichwani kabla karani hajaitafuta kalamu, na bei ya gunia la mahindi anaijua pande zote mbili za mpaka. Anachofanya ni kupima: huku nalipwa, kule natozwa. Mwenye akili timamu yeyote, ambaye nyumbani kwao wadogo zake wanasubiri unga, angechagua hivyo hivyo. Wala tusimlaumu.

Msimamo wetu ni huu, nao tunautaka ujadiliwe katika kila tawi la Chama kuanzia Tunduma hadi Mkwajuni, kuanzia Vwawa hadi Itumba. Programu za sayansi na teknolojia kwa wanafunzi wa sekondari zisiwe bidhaa ya kuwauzia wazazi. Ziwe kazi ya taifa, na mwanafunzi anayeifanya kazi hiyo wakati wa likizo alipwe posho. Ndiyo, alipwe! Wapo watakaoguna, na tutawajibu. Lakini kwanza tutazame mali tuliyoikalia, maana huwezi kuona ubaya wa wizi kabla hujajua kilichoibwa.

Kila mtoto wa Mbozi anakijua Kimondo cha Ndolezi. Ni bonge la chuma lenye uzito wa tani 16 hivi lililoshuka kutoka angani. Sehemu kubwa yake ni chuma, na iliyobaki karibu yote ni nikeli. Wenyeji walikuwa wakilijua tangu zamani. Lakini vitabu vitakuambia kwamba liligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi wa Johannesburg, W. H. Nott. Ndiyo hesabu ya wakoloni: kitu hakipo mpaka wao wakione. Baada ya Uhuru, mwaka 1967, jiwe hilo likawekwa chini ya ulinzi wa Serikali kama kumbukumbu ya taifa. Vema. Lakini leo wanafunzi wetu wanafanya nini pale? Wanapelekwa kwa basi, wanapiga picha, wanaambiwa "msilikwaruze", wanarudi. Ni mara ngapi mwanafunzi wa kidato cha tatu amekabidhiwa futi kamba pale akaambiwa, tafuta uzito wake bila kuliinua? Hesabu hiyo inataka ujazo na densiti tu, navyo vimo katika kitabu chake cha fizikia. Na kwa nini mgeni anayekuja kulitazama asielezwe na mwanafunzi wa kidato cha tano wa Mbozi, aliyefundishwa kazi hiyo na kulipwa posho yake ya likizo?

Hilo la Ndolezi angalau linajulikana. Tuulizane sasa kuhusu Ivuna. Wangapi kati yetu tunajua kilichotokea Ivuna, kule Momba, tarehe 16 Desemba 1938? Siku hiyo kilianguka kimondo kingine, kidogo, gramu 705 tu, mzigo wa kushikwa kwa mkono mmoja. Lakini ndugu, kijiwe kile cheusi ni mali ambayo dunia nzima inaitafuta. Ni cha namna adimu kuliko karibu zote, kimebaki karibu kama kilivyokuwa jua lilipokuwa linazaliwa. Wataalamu walipoyapanga mawe ya angani kwa aina, aina hiyo wakaiita kwa herufi mbili, C na I. C ni ya kaboni. I ni ya Ivuna. Ivuna yetu! Mwaka 2020 chombo cha Wajapani kilirudi duniani na gramu 5 na kitu za mchanga kutoka kwenye sayari ndogo iitwayo Ryugu, na walipoupima wakatangaza kwamba unafanana na mawe ya aina ya Ivuna. Kila mahali wanaposoma elimu hiyo, Tokyo, Houston, London, jina la kijiji cha Momba limo kinywani mwao. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalikinunua kipande cha kimondo hicho kutoka kwa mkusanyaji binafsi wa Marekani.

Yalikinunua! Jiwe la Momba lina bei, na wapo wanaoilipa. Mtoto wa Momba anayetaka kujifunza habari za jiwe hilo ndiye anayeambiwa atoe ada. Kama huo si ukoloni mamboleo, basi tuelezwe ni kitu gani.

Wala si mawe ya angani peke yake. Wilayani Songwe mgodi wa New Luika umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2012. Katika wilaya hiyo hiyo, kilima cha Ngualla kina madini adimu yanayotengenezea sumaku za injini za magari ya umeme. Mkataba wake na kampuni ya kigeni ulitiwa saini mwezi Aprili 2023. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi, gesi inayopoza sumaku za mashine kubwa za hospitali. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula kikaitoa gesi hiyo hadi juu ya ardhi. Ileje kuna makaa ya mawe. Mbozi kuna kahawa. Nani atakayeyapima haya yote? Nani atakayesoma karatasi ya maabara na kusema, hapana bwana, kiwango ulichoandika sicho? Asiyejua kupima huletewa hesabu iliyokwisha pigwa na mwingine, akaambiwa atie saini.

Wakulima wa mahindi walikwisha kulionja jambo hilo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie kwake kwa sababu ya sumukuvu. Sumukuvu haionekani kwa macho, hainusiki, hailambiki. Inaonekana maabara tu. Siku ile mkulima aliyelima vizuri na mkulima aliyevuna mahindi mabichi akayaanika matopeni waliwekwa kapu moja. Sisi wa mpakani tunaoishi kwa mahindi tungepaswa kuwa wa kwanza nchini kuwa na vijana wanaojua kupima unyevu wa punje na kueleza ukungu unaanzia wapi. Badala yake vijana wetu wanajua kuyabeba tu.

Haki isemwe, maana gazeti la Chama halimnyimi mtu sifa yake. Wakoloni walituachia nchi tupu ya wataalamu. Mwalimu alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Kutoka hapo tumetembea. Tangu mwaka 2016 mtoto hasomi kwa ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa. Wananchi walichangishwa mwaka 2014 na 2015 kujenga maabara katika shule za kata. Walitoa matofali, walitoa mchanga, walitoa fedha, na wengine walifuatwa hadi majumbani na watendaji wa kata. Majengo yakasimama. Ziko shule ambako hadi leo ndani ya jengo hilo kuna meza na mapazia, lakini hilo ni shauri la makala nyingine.

Wapo pia waliojitahidi kwa nia njema. Mpango wa Young Scientists Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2011, huwafuata wanafunzi wa sekondari shuleni kwao, wakafanya utafiti wao wenyewe na kuuonyesha mbele ya taifa Dar es Salaam, na washindi wamesomeshwa chuo kikuu kwa ufadhili wa mfuko wa Karimjee Jivanjee. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Serikali nayo ina ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Tunayaheshimu haya. Lakini angalieni, ndugu, fedha hizo zinakaa wapi. Zinakaa mwisho wa safari, zinamngoja mshindi. Aliyeanguka njiani kidato cha tatu kwa sababu likizo nzima alikuwa anabeba magunia, huyo hafiki penye zawadi. Tunawavika taji waliovuka mto, nasi hatujajenga daraja.

Daraja lenyewe si jambo jipya, wala halikutoka Ulaya. Linapita Tunduma, juu ya chuma. Nani hapa asiyeijua reli ya Uhuru? Mabwana wa nchi za Magharibi waliikataa, wakasema haina faida. Tanzania, Zambia na China zikaijenga kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860, nayo ilivuka mpaka hapa kwetu mwaka 1973. Ilijengwa na nani? Na Wachina, ndiyo, na makumi ya maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia waliotoka mashambani wakiwa hawajashika spana. Walijifunza kupima mteremko, kuchomelea, kupasua mwamba, kutengeneza injini, na walijifunza huku wanalipwa. Hakuna aliyemwambia kijana wa mwaka ule: lete kwanza ada ya kambi, ndipo tukuonyeshe namna ya kutandika taruma. Na mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa nchi zetu mbili walipelekwa Beijing kusomea uhandisi wa reli. Taifa lilipotaka mafundi, liliwalipa ili wawe mafundi. Septemba 2024 huko huko Beijing imetiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Sisi tunauliza mapema, kabla vyuma havijashushwa: wanafunzi wa Tunduma wataitazama kazi hiyo wakiwa nje ya uzio, wanauza karanga?

Na asitokee mtu wa kutuambia kwamba mwanafunzi wa sekondari hana analoweza kuiongezea sayansi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuwahi nafasi kwenye friji akayaweka maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliuliza sababu, akachekwa. Akaendelea kuuliza hadi alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamwuliza Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wenzake, nao wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alikwenda akalijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wawili hao wakaliandika katika jarida la fizikia. Leo dunia inaliita kwa jina la Mpemba. Lakini Mpemba mwenyewe aliishia katika kazi ya wanyamapori, kazi ya heshima, hatuidharau. Ila tunajiuliza nchi ilipata hasara gani kwa kutokuwa na maabara iliyomwambia kijana yule: njoo likizo, posho yako hii, endelea kuuliza.

Tazameni wenzetu wanavyofanya, si kwa kuwaiga kama kasuku, bali kwa kuwajua. Ujerumani, kijana wa miaka 16 anayeingia uanagenzi analipwa na kiwanda kila mwezi huku siku nyingine anakwenda chuoni. Marekani, nchi ya ubepari wa kutupwa, Jeshi la Majini kwa miaka mingi limekuwa likiwachukua wanafunzi wa sekondari katika maabara zake kwa wiki 8 za likizo na kuwalipa. Hawalipi kwa huruma. Wanajua kwamba mtaalamu wa kesho hununuliwa leo kwa bei nafuu. Katika nchi hiyo hiyo vyuo vyenye majina makubwa huwauzia watoto wa matajiri kambi za sayansi kwa maelfu ya dola. Njia zote mbili wanazo. Kwa nini sisi, watu wa Azimio la Arusha, tumechagua kuileta ile ya matajiri?

Sasa waje wanaoguna.

Wa kwanza husema: kumlipa mwanafunzi ni ajira ya watoto. Tunalijibu hili kwa makini, maana ni neno la maana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 na zaidi kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani na penye hatari. Nasi tunaikubali kwa mikono miwili. Hatumtaki mtoto shimoni. Tunamtaka mezani, penye darubini, mizani na kompyuta, likizo, chini ya mwalimu, kwa saa zinazojulikana. Na enyi watetezi wa watoto, mko wapi saa hizi anapobeba gunia la kilo 100 kuvuka mpaka? Je, binti wa kidato cha tatu anayefanya kazi likizo katika nyumba za wageni za madereva, huyo hamumwoni? Ajira ya watoto ipo tayari Tunduma. Tunachotaka ni kuwatoa humo, na hutamtoa kwa hotuba. Utamtoa kwa kumpa palipo bora na fedha isiyopungua sana ile aliyokuwa akiipata.

Wa pili husema fedha itawaharibu, wataipenda kuliko elimu. Tunashangaa anayesema hivyo ni nani! Mara nyingi ni yule ambaye hahudhurii semina bila posho ya kikao, nauli, na bahasha ya siku ya kufunga. Yeye fedha haikumharibu, ila itamharibu mtoto wa mwenye kibanda. Posho ya mkubwa inaitwa motisha, na posho ya mnyonge inaitwa tamaa.

Wa tatu husema: fedha zitoke wapi? Hapa ndipo penye mambo. Hebu tupige hesabu wenyewe. Chukua halmashauri moja, wanafunzi 40, siku 20 za kazi katika likizo. Posho ya shilingi 5,000 kwa siku ni shilingi 4,000,000. Chakula cha mchana cha shilingi 2,000 ni 1,600,000. Jumla 5,600,000. Ongeza nauli za wanaotoka vijijini, ongeza posho ya walimu, zidisha mara mbili kama una wasiwasi. Ni fedha za kutisha hizo? Halmashauri haioni taabu kutumia kiasi kama hicho kwa warsha ya siku mbili hotelini.

Na sheria imekwisha kuonyesha kisima cha kuchota. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali. Kanuni za mwaka 2018 zinawataka wachimbaji waonyeshe namna watakavyowaajiri na kuwafundisha Watanzania. Basi diwani anapokaa na kampuni kukubaliana, aombe nini? Mara nyingi huombwa madawati na bati. Hatuyakatai, mtoto hawezi kukaa chini. Lakini dawati halimfundishi mtu kupima dhahabu. Tunawataka madiwani wetu waweke mezani jambo moja zaidi: kila mwenye leseni mkoani Songwe agharimie nafasi za likizo kwa wanafunzi wa sekondari, zenye posho, katika maabara na ofisi za upimaji, si machimboni. Kampuni ikisema haina nafasi, iulizwe kwa maandishi inao wataalamu wangapi wa kutoka mkoa huu, na itawapata wapi mwaka 2035.

Migodi si pahali pekee. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko Mbimba, hapo Mbozi. Mwanafunzi wa biolojia anaweza kukaa wiki tatu akihesabu majani yenye kutu na matunda yenye chulebuni, mti kwa mti, akajifunza kwa nini miche ile imestahimili na hii imekufa. Jioni akamweleza baba yake, ambaye amekuwa akinunua dawa kwa kubahatisha. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina kampasi Myunga, Momba. Karakana zake zisikae kimya likizo. Hapa mpakani wapo wakaguzi wa mimea na wa viwango, wanaofanya kazi ya sayansi kila siku mbele ya macho yetu nasi tunadhani ni kugonga mihuri tu. Reli nayo ina mafundi wake. Sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Mkondo huo utajaa maji gani kama mwanafunzi hagusi kazi halisi hata siku moja?

Tuseme na hatari tunazoziona, kwa sababu tunawajua watu wetu. Jambo likiwa na posho, majina ya watoto wa wakubwa huwahi kufika. Ndiyo maana tunataka uchaguzi ufanywe shuleni, hadharani, kila kata na mgao wake, nusu wasichana, na majina yabandikwe ubaoni pamoja na alama zao za sayansi ili kila mzazi ayasome. Penye watoto wanaolingana, kura ipigwe mbele yao. Mwenye mzazi katika ofisi inayogawa nafasi asubiri zamu nyingine. Hatari ya pili ni kwamba mtoto atapelekwa ofisini akatumwa chai na vocha kwa siku zote 20. Hilo nalo lina dawa: kila mwanafunzi aandike alichopima na alichokiona kila siku, mwalimu asaini, na daftari hilo lisomwe mbele ya darasa shule ikifunguliwa. Daftari likiwa na chai tupu, ofisi hiyo isipewe mwanafunzi tena na jina lake litajwe.

Wapo walimu wanaoishi kwa kufundisha kambi na tuisheni, nao watatuuliza kama tunataka kuwanyang'anya mkate. Hapana. Mwalimu alipwe, na alipwe vizuri, kwa kuwa likizo ni yake. Ugomvi wetu ni juu ya mfuko unaomlipa. Mfuko wa mama wa nyanya ukiwa ndio unaolipa, atafundishwa mtoto mmoja kwa mia. Mfuko wa halmashauri na wa mwenye leseni ukilipa, mtoto wa mama wa nyanya atakaa kiti cha mbele.

Sasa kazi ya matawi. Likizo ya Desemba haiko mbali, na bajeti za halmashauri haziandikwi usiku mmoja. Kila tawi la Chama katika Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe likutane mwezi huu, likiwa na walimu wa sayansi wa sekondari zilizo karibu, wawe wanachama au wasiwe. Liandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri yake na nakala kwa diwani, likiuliza mambo manne: mpango wa wajibu kwa jamii wa kila mwenye leseni umetenga nini mwaka huu kwa sayansi ya sekondari, ni maabara na karakana zipi za umma zitafunguliwa likizo, wanafunzi wangapi watapokelewa, na posho yao ni shilingi ngapi kwa siku. Wapewe siku 30. Nakala moja ya kila barua iletwe ofisini kwetu. Majibu tutayachapa katika kurasa hizi kama yalivyokuja, na halmashauri isiyojibu tutaliandika jina lake, pamoja na tarehe iliyopokea barua.